Vifuniko vitatu vya soda na Krismasi ya bembea

Mwaka wa kwanza wa kuwapeleka watoto kwenye bembea za kulipia, tulikwenda tarehe 25 Desemba yenyewe. Wazo lilikuwa langu, ingawa kwa miezi mitatu nilimsukumia baba watoto lawama.

Tulikuwa watano: sisi wawili, kifunguamimba wa miaka 11, wa katikati wa miaka 7, na kitindamimba wa miaka 3. Tulitoka Umoja, hapa Nairobi, saa nne asubuhi tukiwa na shilingi 6,000, nguo mpya za kushonwa na mimi mwenyewe, na matumaini mengi. Uwanja wenyewe ulikuwa umewekwa kwenye maegesho ya jengo moja la maduka: vigari vya kugongana, bembea za kuzunguka, jumba la kujazwa upepo la watoto kurukaruka. Kufikia saa nane mchana tulikuwa tumepanda michezo minne tu. Foleni ya vigari peke yake ilitula saa nzima, jua likituchoma utosini.

Kisa kinachoniuma hadi leo ni cha bembea kubwa. Mlangoni palikuwa na ubao uliochorwa twiga, na shingoni mwa twiga mstari mwekundu, asiyeufikia hapandi. Kijana aliyekuwa akihudumu aligonga kwanza kadi yetu ya kulipia michezo, mashine ikalia, ndipo akamsimamisha wa katikati kwenye ubao. Mtoto akajikaza, akanyanyua visigino kidogokidogo akidhani haonekani. Alipungukiwa vidole viwili. Pesa zikawa zimekwenda, na kijana akasema mashine haina namna ya kuzirudisha. Tulipoondoka kadi ilikuwa na shilingi 340, na dirishani tukaambiwa salio halirudishwi. Kadi hiyo ninayo kwenye droo ya cherehani. Nikiitafuta sindano naiona.

Jioni nauli ilikuwa imepanda maradufu. Tulifika nyumbani na shilingi 80.

Usiku huo, watoto wamelala na nguo zao, nilichukua daftari la mraba la shule nikaandika kila kitu tulicholipia. Kiingilio hakikufika hata theluthi ya pesa. Kilichotufilisi ni maji ya chupa, chipsi mara mbili, picha ambayo mpiga picha alishaipiga kabla hatujakubali, puto la kitindamimba lililopasuka kabla ya lango, na lile ombi la “mama, mara moja tu tena”. Hapo nikaelewa kwamba kiingilio ni chambo tu. Mtu akiniuliza likizo ya michezo itamgharimu kiasi gani, humwambia asitazame bei ya langoni, ajiulize watoto wake watakaa ndani saa ngapi na wamekula nini kabla ya kutoka.

Mwaka uliofuata tulianza na tarehe. Hili ndilo lililotuokolea pesa nyingi kuliko jambo jingine lolote, na wazazi wengi hulipuuza kwa sababu tumezoea kwamba starehe ya Krismasi lazima iwe siku ya Krismasi. Shule zetu hufungwa mwisho wa Oktoba au mapema Novemba na kufunguliwa Januari. Watoto wako nyumbani karibu miezi miwili! Sisi tulichagua Jumanne ya wiki ya kwanza ya Desemba. Tuliikwepa tarehe 12, kwa kuwa Jamhuri Dei kila mtu yuko nje, na tukakwepa kila kitu baada ya tarehe 20, wakati magari ya ushago, yaani ya kwenda kijijini, yanapoanza kutaja nauli kama mnada. Wenye biashara hii wanajua thamani ya tarehe. Hata Disney kule Marekani, tangu 2016, tiketi ya siku moja huuzwa kwa bei tofauti kulingana na siku unayoitaka, na siku za sikukuu ndizo ghali. Hapa kwetu si kila uwanja una bei ya siku za kazi, lakini ipo mahali pengi, na hawaitangazi kwa sauti. Uliza.

Jumanne si rahisi kwangu. Mimi ni fundi wa nguo, na Desemba ndiyo msimu wangu. Kila mteja anataka gauni lake kabla ya kusafiri. Siku moja bila cherehani ni hasara ninayoihisi. Lakini nilipopiga hesabu, hasara ya Jumanne moja ilikuwa ndogo kuliko nauli ya maradufu, foleni na chipsi za kununuliwa kwa hasira. Baba yao aliomba ruhusa ya siku moja kazini tangu Septemba.

Pesa tulianza kuweka Juni, shilingi 300 kila wiki, nikizifungia kwenye M-Shwari, akiba ya kwenye simu, ile ya kufunga hadi siku uliyopanga. Nasisitiza kufunga. Nilijaribu kibubu cha bati mwaka mmoja, na kufikia Agosti nilikuwa nimejifunza kuzitoa noti kwa koleo ya nyusi. Mwisho wa Novemba tulikuwa na shilingi 7,500 hivi. Pesa za Januari zilikaa kando, hazikuguswa, kwa sababu kifunguamimba alikuwa amefanya KPSEA, mtihani wa Gredi 6, na alikuwa anaingia Gredi 7. Sare naweza kushona. Viatu siwezi.

Halafu nikapiga simu. Usitegemee picha za mtandaoni, wala jirani aliyekwenda mwaka juzi. Nilipiga mahali pane na kuuliza maswali yaleyale: salio la kadi linarudishwa au linakaa hadi lini? Chakula cha nje kinaruhusiwa? Mtoto wa miaka 4 atapanda nini, na wa miaka 8 awe na kimo gani? Michezo yote inafanya kazi siku za katikati ya wiki au mingine hufungwa? Mahali pamoja walinijibu kwa mkato hata nikajua nitakavyohudumiwa nikifika. Nikawaondoa kwenye daftari. Kimo cha watoto niliwapima nyumbani kwa futi yangu ya kushonea, nikakiandika. Hakuna mtoto wangu atakayesimamishwa tena mbele ya twiga.

Hatimaye tukachagua Two Rivers, ile iliyo Limuru Road karibu na Ruaka. Sababu yangu kubwa ni kwamba kuingia kwenye jengo na kutembea nje hulipi. Unalipia mchezo unaoupanda. Kwa familia yenye mtoto mdogo hii ni nafuu, maana kitindamimba hupanda michezo miwili akachoka, na nyanya yake akija naye hatapanda chochote, atakaa kwenye benchi na kuwasema watu. Pale kuna gurudumu kubwa linaloitwa Eye of Kenya. Tulipofika juu kabisa likasimama kidogo: upande mmoja mapaa ya Runda yamejificha kwenye miti, upande wa pili magorofa ya Ruaka yamebanana kama vitabu kwenye rafu. Wa katikati akauliza kwa nini upande mmoja una miti na mwingine hauna. Baba yake akasema atamjibu chini. Hajamjibu.

Chakula. Asubuhi hiyo niliwalisha kana kwamba tunakwenda kulima: uji, nduma, mayai mawili mawili. Mtoto aliyeshiba hutazama bembea. Mwenye njaa hutazama chipsi. Chapati na njugu zilikuwa kwenye mkoba, tukazila kwenye matatu kabla hatujashuka, na maji tulijaza chupa nyumbani. Ndani tulinunua kitu kimoja tu, aiskrimu, na tulishaipangia. Tena tulifika asubuhi mapema, si kwa ajili ya foleni peke yake. Desemba mvua za vuli hazijaisha kabisa, na kukiwa na radi michezo ya juu husimamishwa. Aliyefika saa nane na kulipia anaweza kumaliza mchana chini ya paa akitazama maji yakishuka.

Sasa vifuniko. Jambo hili lilinijia nikiosha vyombo. Jumapili iliyotangulia nilimpa kila mtoto vifuniko vitatu vya soda nilivyovisugua vikang’aa. Kifuniko kimoja ni mchezo mmoja. Ukimaliza vyako umemaliza, usije kwangu wala kwa baba yako. Niliwaonyesha michezo na bei, wakachagua wenyewe wakiwa sebuleni, ambako hakuna muziki wala taa za kumetameta. Watoto wakikubaliana na jambo nyumbani hulilinda kuliko mzazi. Kitindamimba alikula vyake vyote ndani ya nusu saa. Kifunguamimba alijidai mkubwa, akambadilisha kimoja na ndizi ya ndugu yake, akajuta kabla hajamaliza kuimenya. Wa katikati alizunguka na vifuniko viwili mfukoni hadi saa saba, akivichezesha vikilia ngilingili, kisha akavitoa vyote kwa vigari vya kugongana, mara mbili mfululizo, na kila mara alimfuata baba yake kumgonga. Sijaona uso wa mtoto umefurahi vile. Tulirudi nyumbani saa kumi tukiwa na shilingi 1,900.

Zile 1,900 ndizo zilizotupa siku nyingine mbili. Watu husahau kwamba likizo si lazima iwe michezo ya kulipia kila siku. Siku moja ya bembea na siku mbili za kutembea huwatosha watoto kuliko siku tatu za bembea, maana ya tatu huwa ni kulialia tu. Tulikwenda msitu wa Karura, ambako kiingilio ni kidogo, kuna maporomoko ya maji na mapango, na njia ndefu za kuwachosha watoto hadi walale saa moja jioni bila kubembelezwa. Kifunguamimba alikuwa amesoma shuleni habari za Wangari Maathai, na nikamwonyesha kwamba huu ndio msitu ambao mwaka 1999 yeye na wenzake walipigwa wakizuia usigawiwe wajenzi. Alinyamaza kidogo, akaushika mti. Siku nyingine tulikwenda kutazama wanyama Nairobi Safari Walk, Lang’ata. Kwa sehemu za KWS, shirika la wanyamapori, malipo ni kwa eCitizen, tovuti ya serikali, kwa hiyo fanya nyumbani penye mtandao, angalia bei siku hiyohiyo kwani hubadilika, na beba kitambulisho; bila hicho huwezi kudai bei ya mwananchi.

Wako watakaosema Nairobi hapana, wanataka bahari. Sina ugomvi. Nyali kuna Wild Waters kwa wapendao mitelezo ya maji, na ufuo wa Pirates haulipishi. Ila hesabu yako ianze na treni. Tangu Januari 2024 tiketi ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima, na watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Tiketi za Desemba huisha mapema mno. Ukiamka tarehe 15 kutafuta za tarehe 22, utaishia kwenye basi la usiku kwa bei ya dereva.

Kuna jambo moja ambalo hakuna anayekuonya: Desemba idadi ya watoto nyumbani hubadilika. Umepanga watatu, dada yako anapiga simu, “Mama watoto, hawa wangu wamekuzoea, nawatuma wiki moja tu.” Wakawa sita. Huwezi kuwapeleka watatu ukawaacha watatu wakitazama dirishani. Sasa nimejifunza kusema mapema, tangu Oktoba, kwa upole na bila kuzungukazunguka: “Dada, watoto ni wetu sote, waje. Tarehe fulani tunakwenda kwenye bembea, na kila mtoto ni shilingi 1,200. Utume kwa M-Pesa kabla ya mwezi kuisha nami nitaongeza chakula.” Mara ya kwanza alinuna. Mara ya pili alituma 1,500 na ujumbe wa “usiwape soda nyingi”. Mama mkwe naye nilimweleza mapema kwamba tutafika kwake tarehe 27, nauli zikishashuka, na tutakaa siku tatu zaidi. Alilalamika kidogo kuhusu kuku aliyemtengea tarehe 25, kisha akasema yule kuku bado ananenepa.

Mwaka huu tunakwenda tena. Tatizo nililo nalo ni kitindamimba. Tangu Agosti amekuwa akipita kibandani kwa muuza soda akiokota vifuniko, anavisugua kwa mchanga kama alivyoniona nikifanya, anavificha chini ya kitanda kwenye soksi. Jana nilivihesabu akiwa shule. Viko thelathini na moja.