Shemeji anashuka kilima akicheka, mimi natapika

SWALI: Nina miaka 34, ninaishi Ntinda. Kila Jumamosi alfajiri mimi na shemeji yangu hupanda kilima cha Naguru kwa mbio. Yeye ni mzoefu, anasema mbio humlevya. Mimi huambulia kichefuchefu na hasira. Raha hiyo nitaipata lini? – Dada wa Kampala

JIBU: Dada yetu, ubongo una kemikali zake zinazofanya kazi kama morfini, dawa kali ya maumivu; endorfini ni mojawapo. Mwaka 2022 watafiti wa Ufini walichapisha matokeo ya wanaume 64 wenye afya. Ishirini na wanne kati yao walipigwa picha ya ubongo tena baada ya mazoezi ya wastani ya saa moja. Wenye pumzi nyingi na mazoea ya mazoezi ndio waliomwaga kemikali hizo zaidi, hasa kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na raha. Vipokezi, yaani sehemu za ubongo zinazozipokea kemikali hizo, havikutofautiana kulingana na pumzi. (Wanawake hawakupimwa, kwa hiyo usiyachukue kama kipimo chako kamili.)

Usidhani kwamba wewe huna endorfini. Utafiti wa mwaka 2018, wa Ufini pia, ulionyesha kwamba mazoezi makali ya vipindi vifupi huzimwaga vilevile, ila pamoja na hisia mbaya. Naguru kwako ni mazoezi makali. Kwa shemeji ni ya wastani. Tena mbio kali huliondolea tumbo damu ikaenda kwenye misuli, ndiyo maana unachafukwa.

Kiache kilima kwa wiki nane. Tafuta barabara tambarare, mara nne kwa wiki, kwani Jumamosi pekee haijengi pumzi. Tembea dakika tano, kisha kimbia dakika moja na kutembea mbili, mara nane, umalizie kwa kutembea dakika tano. Kila wiki ongeza nusu dakika ya kukimbia. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, punguza mwendo. Mapigo yako ya moyo yawe 112 hadi 130 kwa dakika: hesabu kwa sekunde 15, upate 28 hadi 32. Kosa la kawaida ni kufuata mwendo wa mwenzako, kwa hiyo shemeji atangulie.

Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama, na umwone daktari kabla ya kukimbia tena. Naguru utakirudia kwa kutembea kwanza, ukikimbia sehemu za tambarare tu.