Mradi umenaswa: niandike "pickle", "bind" au "Catch-22"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaandika ripoti za mradi wa visima hapa Mwanza. Mfadhili hatoi awamu ya pili ya fedha mpaka aone risiti za pampu, na mwenye duka hatoi pampu wala risiti mpaka alipwe. Kwenye ripoti ya Kiingereza niliandika "We are in a pickle". Bosi kairudisha, neno kalizungushia wino mwekundu. Kamusi inanipa maneno zaidi ya kumi, yote eti maana yake ni hiyohiyo. Nichukue lipi?

JIBU: Marahaba. Kamusi imeyapanga maneno hayo kana kwamba yametoka tumbo moja, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Hata kwetu, aliyefikwa na maji ya shingo si sawa na aliyekalia kuti kavu. Wa kwanza ameshazidiwa. Wa pili bado yuko juu, ila kuti linaweza kukatika saa yoyote. Kwa hiyo kabla hujachagua neno, jiulize: huyu mtu amenaswaje?

"Pickle" ni achari, na zamani lilikuwa jina la maji ya chumvi ya kuhifadhia chakula. Shakespeare alilitumia katika The Tempest, tamthilia ya mwaka 1611 hivi: mfalme Alonso anamuuliza Trinculo, aliyelewa chakari, amefikaje kwenye "pickle" ile. Mpaka leo neno hilo lina kicheko ndani yake. Mtu aliyebamiza mlango na ufunguo umebaki mezani, au aliyeahidi kuhudhuria harusi mbili Jumamosi moja, huyo yuko "in a pickle". Kijiji kinachosubiri maji hakimo humo. Bosi wako ana haki.

"Between a rock and a hard place" ni usemi wa Kimarekani. Waliokusanya maneno ya lahaja waliuandika mwaka 1921 kuwa unasikika sana Arizona, wakati huo kwa maana ya kufilisika. Siku hizi maana yake ni njia mbili, zote mbaya: mkulima auze mahindi leo kwa bei ya kutupa, au ayaweke ghalani yaliwe na dumuzi. "Dilemma" ni jamaa yake wa karibu, ila limevaa suti. Lakini wewe huna hata hizo njia mbili. "Quagmire" nalo ni tope linalokuvuta chini kadiri unavyojitutumua, ndiyo maana waandishi walilitumia sana kwa vita vya Marekani nchini Vietnam. Mradi wako haujazama, umezuiwa mlangoni.

Hali yako ina jina lake hasa: "Catch-22". Limetoka kwenye riwaya ya Joseph Heller ya mwaka 1961, kuhusu wanajeshi wa anga wa Marekani waliokuwa Italia katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwanajeshi mwenye wazimu huruhusiwa kuacha kuruka, mradi aombe mwenyewe. Akiomba, ameonyesha kwamba anaogopa kufa, na anayeogopa kufa ana akili timamu. Basi arudi kwenye ndege. (Heller alianza na namba 18, akaibadilisha kwa sababu riwaya ya Leon Uris yenye 18 kwenye jina lake ilikuwa inatoka mwaka huohuo.) Tazama sasa: risiti inadai fedha, fedha inadai risiti. Ni kitanzi kilekile.

Hata hivyo, usiliandike kwenye ripoti. Anayeita sharti "Catch-22" anasema sharti lenyewe halina akili, na aliyeliweka ndiye atakayesoma. Mwambie bosi wako hivyo mezani, atakuelewa mara moja. Kwa mfadhili, "This puts us in a bind" inatosha: inasema tumebanwa, bila kumnyooshea mtu kidole.

Kuna mtego mwingine, nao uliwahi kuninasa mimi. Nilipoanza kazi ya ukalimani, mama mmoja mjane alieleza kwa barua kwamba baada ya msiba "yuko njia panda". Nikaandika "I am at a crossroads". Jibu lilikuja la kumpongeza kwa kufikiria ukurasa mpya wa maisha! Kiingereza kinaposema hivyo, mtu anasimama kuchagua, mara nyingi kwa matumaini. Mama yule alikuwa amechanganyikiwa, hajui pa kushika. Nilipaswa kuandika "I don't know which way to turn". Nilimwomba radhi, na barua nikaiandika upya.

Sasa rudi kwenye ripoti. Ungekuwa umekaa hapa mbele yangu, ningekushauri uweke jambo lenyewe kwanza, kavu, kisha ombi:

"We cannot buy the pumps until the second instalment is released, and it cannot be released until we show receipts for the pumps. This puts us in a bind. Could you accept a proforma invoice from the supplier instead?"

Nenda dukani uombe hiyo proforma (ankara ya bei ambayo muuzaji huitoa kabla ya kulipwa) kabla hujatuma, iwe na muhuri, bei ya kila pampu na tarehe ya mwisho ya bei hiyo, uiambatishe.