Maswali ya wafugaji: Ndama wa chupa anahara, nimnyime maziwa?

Safari hii barua nyingi zimetoka huku kwetu Kilimanjaro na Arusha, na karibu zote zinahusu ndama wanaolelewa kwa chupa. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwasababu huyo ndama anaumwa sasa hivi, na najua hayuko peke yake.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mama, nafuga Machame. Ng'ombe wangu alikufa siku ya nne baada ya kuzaa akaniachia ndama jike. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, alinyonya vizuri. Sasa ana siku 16, nampa maziwa ya unga ya ndama, nachanganya kikombe kimoja cha chai kwa chupa ya lita moja na nusu, asubuhi na jioni, na unga ukikaribia kuisha napunguza kidogo ili ufike mwisho wa wiki. Alikuwa anachelewa kunyonya nikatoboa chuchu kwa msumari wa moto, sasa anamaliza dakika moja tu. Toka juzi anahara maji maji ya njano. Jirani kasema nimnyime maziwa siku mbili nimpe uji. Nifanyeje, ndo tegemeo langu huyu.

Jibu: Marahaba mama, na pole sana kwa ng'ombe wako. Naanza na la haraka: usimnyime maziwa, na uji usimpe kabisa. Jirani anakutakia mema lakini ndama wa wiki mbili tumbo lake halijaweza kumeng'enya wanga, ule uji utapita tu na kuharisha kutazidi, halafu ukimkatia maziwa unamkatia chakula pekee alichonacho wakati ndo anakihitaji zaidi. Ndama anayehara mara nyingi hauawi na ule ugonjwa wenyewe, anakauka maji mwilini.

Kwahiyo endelea na maziwa kama kawaida, asubuhi na jioni, alafu katikati, saa mbili au zaidi baada ya maziwa, mpe maji ya chumvi chumvi za ndama zinazouzwa duka la dawa za mifugo, lita mbili, mara mbili kwa siku. Ukikosa kabisa chukua ORS ya binadamu, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemka yakapoa. Usiyachanganye ndani ya maziwa, yape muda wake. Na tafadhali usitengeneze ile ya nyumbani ya sukari na chumvi tunayowapa watoto wetu, ndama hana uwezo wa kumeng'enya sukari ya mezani, itamzidishia kuhara. Anachoweza ni gulukosi, na ndiyo iliyomo kwenye pakiti.

Leo hii mfinye ngozi ya shingo, ivute, iachie. Ikirudi palepale yuko salama kiasi. Ikibaki imesimama kama hema zaidi ya sekunde mbili, macho yamezama ndani, mdomo na masikio ni ya baridi, au hataki kunyonya wala kusimama, basi hapo mama hakuna cha ORS, mpigie daktari wa mifugo aje amuwekee dripu, usisubiri kesho. Ukiona damu kwenye mavi vilevile.

Sasa tuje kwenye chanzo. Wengi wanasema maziwa ya unga ndo yanaua ndama, mimi sikubaliani. Nimeona ndama waliokuzwa kwa unga toka siku ya tano wakawa mitamba mizuri tu, yaani majike makubwa ambayo hayajazaa. Kinachowaumiza ni kubadilikiwa: leo mazito kesho mepesi, leo ya moto kesho ya baridi, leo saa kumi na mbili kesho saa nne. Tumbo la ndama linataka kitu kilekile, muda uleule, joto lilelile. Ukipunguza unga ili ufike mwisho wa wiki wewe unaona unabana matumizi, yeye anapata maji yenye rangi ya maziwa.

Hicho kikombe ndo kinanipa wasiwasi zaidi. Aina nyingi za unga zinataka gramu 125 hadi 150 kwa lita, soma mfuko wako, kwahiyo chupa yako ya lita moja na nusu inataka kama gramu 190 kwa uchache, na kikombe cha chai kuna cha gramu 90 na kuna cha 130, inategemea ni kipi na umekijaza vipi. Fanya hivi: chukua hicho kikombe uende nacho dukani, wakipime kwenye mizani kikiwa na unga uliokatwa usawa juu kwa kisu, alafu chora mstari kwa maka peni. Kazi ya dakika tano. Na soma kama mfuko unasema gramu kadhaa *kwenye* lita ya maji au mpaka *ifike* lita, maana ukiweka gramu 125 juu ya lita nzima ya maji unapata maziwa zaidi ya lita, na ni mepesi kidogo.

Joto pia. Unga una mafuta ndani na kwenye maji ya baridi hayayeyuki, utaona yanaelea juu kama supu iliyopoa. Changanya na maji ya nyuzi 45 hadi 50 kama mfuko hausemi vingine, koroga mpaka vidonge viishe, na ndama ayanywe yakiwa kwenye 39 hivi, ambayo ni joto la mwili wake. Kutoka jikoni mpaka bandani asubuhi ya Machame yanapoa haraka, kwahiyo funga chupa kwa kitambaa au beba maji ya moto kwenye chupa ya chai uchanganyie hukohuko. Kipimajoto sio gharama kubwa, nunua.

Hiyo chuchu mama, itupe leo. Ndama akinyonya taratibu, kuna mfereji tumboni unajikunja na kupeleka maziwa moja kwa moja tumbo la nne ambako yanasagwa vizuri, na ule unyonyaji wenyewe unaleta mate yanayosaidia. Maziwa yakimwagika kwa kasi mengine yanaangukia tumbo la kwanza, yanachachia humo, na mengine yanaweza kuingia kwenye mapafu ukaja kupata kikohozi na homa juu ya kuhara. Tundu sahihi ni lile ambalo ukigeuza chupa chini juu inadondosha tone tone tu, haichuruziki. Akitumia dakika nne tano kumaliza, mshukuru Mungu. Mnyonyeshe amesimama, chupa iwe usawa wa kiwele cha mama yake, pua isiwe juu kuliko macho.

Kuosha: kwanza suuza na maji ya vuguvugu, ukianza na ya moto sana maziwa yanagandia ndani ya chupa na ule utando ndo nyumba ya vijidudu, halafu sasa maji ya moto na sabuni na brashi ndefu, kisha ining'inize ikauke mdomo chini. Kila mlo, sio kila siku.

La mwisho kwako. Lita tatu kwa siku ni kidogo. Ndama wa kilo 40 hata lita nne ni za kumzuia asife, sio za kumkuza, na huko juu kwenye ukungu wa mwezi wa sita na wa saba, joto likishuka chini ya nyuzi 15 anatumia sehemu ya chakula kujipasha moto tu. Akishapona mpandishe pole pole, nusu lita kila baada ya siku mbili, mpaka lita sita, ikiwezekana mara tatu kwa siku. Na mtandikie majani makavu ya mgomba mengi, akilala miguu isionekane. Yakilowa toa yote. Hiyo migomba iko hapo kihambani haikudai kitu.

Swali: Mambo vipi, mimi kijana wa Usa River nina ng'ombe watatu chotara wa Friesian. Maziwa fresh nauza bei nzuri nataka ndama nimpe unga nibaki na faida. Kuna mfuko wa bei rahisi sana dukani, je unafaa?

Jibu: Poa mdogo wangu. Faida ipo au haipo utaijua kwa kalamu. Kilo moja kwa gramu 125 inatoa lita 8, kwahiyo gawa bei ya kilo kwa nane, linganisha na unachouzia lita moja. Kama tofauti ni ndogo achana nayo, mpe maziwa ya mama yake usumbuke kidogo.

Huo wa rahisi geuza mfuko usome. Protini iwe asilimia 20 kwenda juu, mafuta 15 hadi 20, na nyuzinyuzi zisizidi kama asilimia 0.2. Zikizidi ujue wametia soya au ngano kwa wingi, na ndama chini ya wiki tatu soya hawezi kuitumia vizuri, anaharisha na hakui. Protini yake inatakiwa itoke kwenye maziwa yenyewe. Mimi ningekushauri umpe fresh wiki tatu za kwanza ndo uhamie kwenye unga, tena kwa kuchanganya siku nne tano, usimhamishe ghafla.

Na nikwambie kitu kinachoniuma. Wewe uko jirani kabisa na kituo cha taifa cha uhimilishaji, yaani kupandikiza ng'ombe mbegu ya dume, hapo Usa River, mbegu nzuri unaipata karibu kuliko wenzako wengi wa nchi hii, halafu ndama akizaliwa anabanwa maziwa! Jike akifika wiki ya nane anatakiwa awe na uzito mara mbili ya aliozaliwa nao. Asipofika, ile mimba ya mapema na yale maziwa uliyoyanunulia mbegu unayasogeza mbele kwa miezi.

Swali: Ndama wangu amekataa chupa kabisa, nimemwagia maziwa mdomoni akapaliwa. Niko Kibosho.

Jibu: Usimmwagie tena ndugu yangu, kupaliwa ndo njia ya nimonia. Mwache masaa matatu manne njaa imuume, rudi nyuma yake umpakate kichwa kwenye mapaja kama anavyosimama chini ya mama yake, mpe kidole chenye maziwa, akianza kukinyonya ingiza chuchu pembeni ya kidole kisha kitoe taratibu. Msugue mgongoni karibu na mkia, mama yake huwa anamlamba hapo. Angalia kwanza kama chuchu haijaziba. Akikataa milo miwili mfululizo pima joto, zaidi ya 39.5 ita daktari.

Swali: Nimwachishe maziwa lini? Ana wiki saba. Tengeru.

Jibu: Usiangalie kalenda, angalia pumba. Akila kilo moja ya chakula cha ndama kwa siku, siku tatu mfululizo, anza kupunguza maziwa kidogo kidogo kwa wiki moja mpaka yaishe. Wengi wanafika hapo wiki ya 8 hadi ya 12. Kama bado hajafika, yawezekana hana maji, maana watu wanadhani maziwa yanatosha. Hayatoshi. Tumbo la kwanza linahitaji maji yake ya kunywa ili chakula kikavu kifanye kazi, muwekee ndoo ya maji safi siku zote. Na kila asubuhi mwaga chakula kilicholala uweke kipya hata kama ni mikono miwili tu, kile chenye mate na ukungu hatakigusa. Ukikutana na afisa mifugo wa kata mwulize chanjo ya ndigana kali pia, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, umri wake unaruhusu.

Mama wa Machame, nakuomba uniandikie nijue kaamkaje.