Kupiga mbizi Unguja wakati wa masika

Ndugu yangu, umeuliza kama safari yako ya siku sita Unguja mwezi wa Aprili, kupiga mbizi kwa mtungi, uiahirishe. Njoo tu, ila weka siku mbili za akiba.

Mvua yenyewe haina neno. Ukishafika mita 15 chini huisikii. Kinachoharibu ni upepo na maji machafu. Kusi likianza kuvuma, upande wa mashariki huchafuka, hivyo fikia Nungwi au Kendwa, huko kaskazini. Mnemba, kisiwa kidogo cha kaskazini-mashariki, iwekee siku ambayo bahari imetulia. Mimi nilishuka karibu na pwani asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha: juu maji kama chai ya maziwa, mita nane chini yakafunguka, na kasa amejilaza juu ya matumbawe.

Tazama pia mwezi mwandamo. Siku za maji mafu, yaani bahari inapopanda na kushuka kidogo, karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi huo, mkondo hupungua na maji huwa maangavu kuliko siku za bamvua, inapopanda na kushuka sana. Wavuvi watakwambia hivyo hivyo.

Baadhi ya hoteli hufunga Aprili na Mei. Zilizo wazi hushusha bei. Tafadhali, kabla ya kulipa, pata kwa maandishi kwamba utarudishiwa pesa nahodha akikataa kutoka, na akikataa, usimbembeleze. Mbizi ya mwisho iishe saa 24 kabla ya ndege.

Kama shida yako ni kuona papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote, hapo ahirisha: nenda kisiwa cha Mafia kati ya Oktoba na Februari.