Mwanangu, hayo malengelenge na mimi ninayo

Mwanangu kipenzi,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Umeniuliza, "Mama wameniambia nina hepesi na haiponi, sasa ndo basi tena, nani atanioa na nitazaaje?" alafu chini ukaandika mwenzio anasema yeye hana kitu kwa iyo we ndo umeileta. Kwa mila zetu mambo haya angekujibu shangazi yako, na kweli nilishika simu nimpigie, nikaiweka. Nakujibu mwenyewe kwa sababu hayo malengelenge ya sehemu za siri na mimi ninayo, tangu 1994, we hujazaliwa na baba yako sijamjua.

Nilikuwa na mtu kabla ya baba yako, sikufichi. Ilianza homa, mitoki kinenani, nikikojoa ni kama nimepakwa pilipili, nikatokwa na vidonda hata kukaa siwezi. Zahanati niliyokwenda aliyenipokea akasema kwa sauti mpaka waliokaa kwenye benchi nje wakasikia, eti niliyatafuta. Na miaka ile unajua mwenyewe tulivyokuhadithia, mtu akitoka mkanda wa jeshi tu watu wanaanza kumhesabia siku, basi nilirudi nyumbani nikijua nakufa. Baada ya wiki tatu vikakauka vyenyewe nikashukuru Mungu, haikupita muda vikarudi. Ndo daktari mmoja mzee akanikalisha chini akanieleza bila kunikunjia uso, na alichonieleza ndo nakueleza.

Hiki ni kirusi. Kikishapita kwenye ngozi kinapanda na mshipa wa fahamu mpaka huko chini ya uti wa mgongo, kinalala. Siku kikiamka kinashuka njia ile ile, unaona vipele. Dawa inakipiga kikiwa kimeamka, kikiwa kimelala haikifikii, ndo maana ya haiponi, sio kwamba kinakula mwili pole pole. Ni ndugu wa kile cha vipele vya mdomoni mtu akiwa na homa, na hata hicho cha mdomoni kinaweza kuhamia huku chini kwa mdomo, we mtu mzima unanielewa. Na hauko peke yako mama, WHO walitoa hesabu Desemba 2024 kwamba watu milioni 846 wa miaka 15 mpaka 49 wana hepesi ya sehemu za siri, zaidi ya mmoja kwenye kila watano, na wengi wao hawajui.

Hapo kwenye kutojua ndo nataka ukae sana, maana ndo kwenye ugomvi wenu. Mtu anaweza kuambukizwa leo asione kitu miaka mitano, au akaona kamchubuko akadhani ni fangasi au wembe. Kwa iyo anayesema "mi sina kitu" anaweza kuwa anasema ukweli wake kabisa na bado anacho. Na we kutokwa na vidonda mwezi huu haina maana umekipata mwezi huu. Hakuna kipimo kitakachowaambia nani kamletea nani. Cha damu chenyewe kinaweza kuchukua miezi mitatu mpaka kionyeshe, na majibu yakiwa chanya kidogo tu yanaweza kuwa ya uongo, kilicho bora ni kuchukua majimaji ya kidonda kikiwa kibichi. Hukuniambia we walikupima hivo au walikuangalia kwa macho tu. Na kaswende je? VVU? Vidonda vya huko chini vinafanana, nenda ukapime vyote.

Dawa ni asaiklovia, vidonge. Mara ya kwanza ni miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku 7 mpaka 10, na inafanya kazi vizuri ukiwahi kuianza. Antibiotiki za dukani haziui kirusi, utamaliza hela tu. Ile tyubu uliyonitumia picha ina steroidi, dawa inayotuliza mwasho ila inashusha kinga ya ngozi, acha kabisa kuipaka, na spiriti usiguse, dawa ya meno pia. Kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kausha taratibu, vaa chupi ya pamba isiyobana, ukishindwa kukojoa kojolea humo humo kwenye maji, hakuna anayekuona. Mkojo ukikataa kabisa kutoka au kichwa kikiuma sana na shingo kukakamaa, usisubiri nipige simu, nenda hospitali usiku huo huo. Beseni na choo ulivyovitenga na wenzio wa nyumba, rudisha. Hakiambukizi kwa choo wala sahani, ni ngozi kwa ngozi.

Mwaka wa kwanza kinasumbua, mi vilirudi mara tano, baadae vikapungua, mara ya mwisho ni wiki ile tulipomzika bibi yako, sikuwa nalala wala kula. Utajifunza dalili zako, mi naanza kuwashwa na mguu unavuta, hapo hapo nameza. Muombe daktari akuandikie uwe nazo ndani. Vikirudi mara sita kwa mwaka au zaidi wanaweza kukupa ya kila siku, 400 mara mbili. Kuna na ndugu yake, valasaiklovia, ukiimeza kila siku inapunguza karibu nusu uwezekano wa kumwambukiza mwenzio. Kondomu inasaidia ila haifuniki ngozi yote, na ukiwa na vidonda au ukihisi vinakuja, hakuna tendo, hata kwa kondomu.

VVU nakazia. Mwenye kirusi hiki cha aina ya pili (kile cha mdomoni ndo aina ya kwanza) anapata VVU kwa urahisi karibu mara tatu. Huko huko Kanda ya Ziwa unakoishi wanawake wa kwenye mabaa na gesti walipewa asaiklovia kila siku waone kama itawakinga, majibu yakatoka 2008, haikuwakinga. Kwa iyo usije ukajidanganya kwamba unameza dawa basi uko salama.

Kuzaa utazaa, si wewe hapo unasoma. Hatari kubwa ni kwa anayeambukizwa mimba ikiwa kwenye miezi mitatu ya mwisho. Mwenye nacho siku nyingi anakuwa na kinga anayompa mtoto, hatari inabaki ndogo sana. Kliniki nilisema mapema, siku ya uchungu mkunga akanikagua na taa, hakukuta kidonda, nikakuzaa kawaida. Angekuta ningefanyiwa upasuaji. Saivi wanawapa na vidonge kuanzia wiki ya 36.

Baba yako nilimwambia kabla ya mahari. Tulikuwa tumetoka Korogwe kwa basi tunakwenda Tanga, nikamwambia tukiwa tumekaa, mchana, hakuna cha kitandani. Akanyamaza. Tukapita Segera amenyamaza, mi nikajua basi nimeshaachwa. Basi liliposimama Muheza akanunua machungwa dirishani, akamenya moja akanipa, akaniuliza, "Inauma?" Angeweza kushuka pale na asingekuwa na kosa, ila kumficha lingekuwa kosa langu. Na we huyo wako mwambie mkae mkapime wote, akiendelea kukuita malaya baada ya kueleweshwa, hapo tatizo sio kirusi, na mimi mahari yake sitaipokea.

Nipigie Jumamosi mchana, baba yako atakuwa shamba. Hata akiwepo piga, yangu anaijua, yako sijamwambia na sitamwambia mpaka useme mwenyewe.

Mama yako