Milioni sita kwa shule uliyosoma bweni: anza na maji ya bwalo

Mkuu, umeuliza kama milioni 6 ulizotenga zinunue kompyuta za shule yako ya zamani, bweni la wanafunzi 400 mkoani Dodoma, au kuna kitu cha maana zaidi. Kompyuta ziache kwanza. Bila mwalimu wa somo na umeme usiokatika zitaishia kufunikwa kitambaa ofisini kwa makamu. Weka tanki la lita 10,000 linalovuna mvua ya paa la bwalo. Ila fanya hesabu kabla ya kununua, maana matanki mengi ya msaada yanakaa tupu kwa sababu ya hesabu, siyo kwa sababu ya mvua.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa unalipima chini, kama kivuli chake, siyo kwa urefu wa bati. Bwalo la mita 30 kwa 10 ni mita za mraba 300. Toa asilimia 20 inayoruka na kukauka, unabaki na lita 240 kwa kila milimita. Kwa hiyo milimita 42 tu zinajaza tanki. Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, yaani lita 136,800 ukivuna kila tone. Sasa gawa: wanafunzi 400 wakitumia lita 20 kila mmoja ni lita 8,000 kwa siku. Mvua ya mwaka mzima inaisha kwa siku 17! Lakini ukiyaweka kwa kunywa na kupikia tu, lita 5 kwa kichwa, ni lita 2,000 kwa siku, na tanki lililojaa linakaa siku 5. Hapo ndipo tanki lina kazi. Wakilifulia nguo, umetupa hela.

Ndiyo maana nasema bwalo. Liko karibu na jiko, na paa lake ni kubwa kuliko la bweni. Paa la jiko lenyewe usiliguse, masizi ya kuni yatafanya maji yawe ya kahawia na kunuka moshi. Kama shule ni ya zamani, angalia kwanza paa lisiwe la asbesto. Likiwa hivyo, fundi asitoboe wala kukata chochote. Hamia jengo lenye bati.

Tanki likijaa lina uzito wa tani 10, kwa hiyo msingi ndio wa kusimamia mwenyewe. Mawe yapangwe na kushindiliwa, juu yake zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) lenye wavu wa chuma, liwe tambarare kabisa na lizidi kitako cha tanki sentimita 15 kila upande. Limwagiliwe siku 7 kabla tanki halijapanda. Kokoto moja iliyosahauliwa chini ya kitako inatosha kupasua plastiki. Kimo kiwe sentimita 60, ili ndoo ya lita 20 ipite chini ya koki bila kulazwa.

Kosa la kawaida kuliko yote: gata, yaani mifereji ya kukinga maji ya paa, zinafungwa upande mmoja, wa pili unaachwa kwa kuwa hela imeisha. Hapo una mita za mraba 150, siyo 300. Bora upunguze ukubwa wa tanki ufunge pande zote mbili. Fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa unaobeba gata) iliyoliwa na mchwa ibadilishwe kwanza, vishikizi viwe kila sentimita 60, na gata ishuke milimita 5 kwa kila mita, yaani sentimita 15 kwa bwalo zima. Ukizidisha mteremko, ule mwisho unakuwa chini mno na mvua kubwa inaruka juu yake.

Maji ya kwanza baada ya kiangazi yana vumbi na mavi ya popo. Mafundi hupenda kuweka kipande cha bomba la inchi 4, mita moja, wanasema kinachuja. Kinabeba lita 8 tu, wakati paa hili linahitaji kumwaga kama lita 150. Njia rahisi ni kuacha kiwiko (kona ya bomba) kimoja kabla ya tanki bila gundi, kiranja wa bwalo akigeuze nje mvua ya kwanza, akirudishe maji yakitakata. Mdomo wa tanki uwe na wavu wa mbu, na bomba la kumwaga ziada liwe nene sawa na la kuingizia, lipeleke maji mbali na msingi. Hata hivyo ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini.

Koki za plastiki hazimalizi muhula. Nunua za shaba, na uzisogeze mita 3 au 4 kutoka kwenye tanki, kwenye kijiukuta chake, ili watu wasiegemee tanki wala kuning'iniza ndoo kwenye bomba. Valvu kuu iwe na kufuli, ufunguo kwa mpishi mkuu. Mwambie fundi aache pia njia ya boza: kiangazi boza la lita 10,000 linamwaga lote humo, ambapo zamani shule ilipokea kwa mapipa.

Hela usitume kwenye simu ya mwalimu yeyote, hata kama ni rafiki yako. Mwandikie mkuu wa shule, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia afisa elimu sekondari, kisha toa vifaa. Kamati ya mapokezi ivihesabu, viingie kwenye leja, na wewe ubaki na nakala ya hati ya makabidhiano. Fulana na keki za sherehe ya makabidhiano ziondoe kwenye bajeti. Hela yake inunue vya kuacha stoo: koki 4 za akiba, kiwiko kimoja, kopo la gundi ya bomba na tepu ya kuzungushia nyuzi za bomba. Halafu ukakague mwezi wa kumi, siyo wa pili: mwezi wa pili kila tanki Dodoma lina maji.