Jibu: Matofali ya Misri ya kale na kazi ya makapi

Ndugu, umeuliza kama matofali ya udongo ya Misri ya kale yalichomwa, na kwa nini yalichanganywa na makapi. Kwa sehemu kubwa sana hayakuchomwa. Yalianikwa juani, kwa kuwa mvua ni haba katika bonde la Nile na kuni zilikuwa adimu. Udongo mtupu wa mto ule husinyaa na kupasuka unapokauka, lakini makapi huushikamanisha na pia huupa unyevu wa ndani njia ya kutokea, hivyo tofali hukauka sawasawa.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote ni mchoro wa ukutani katika kaburi la Rekhmire huko Thebes, aliyekuwa waziri wa Farao Thutmose III katika karne ya 15 KK. Humo utaona watu wakiteka maji bwawani, wengine wakichanganya udongo kwa majembe, na mfyatuaji ameinama na kalibu yake ya mbao, huku matofali yaliyokwisha kufyatuliwa yamepangwa chini yakauke.

Si kweli, hata hivyo, kwamba watu wa kale hawakujua kuchoma matofali. Huko Ur, katika Iraki ya leo, zigurati (mnara wa hekalu uliojengwa kwa ngazi) iliyoanzwa na mfalme Ur-Nammu katika karne ya 21 KK ina kiini cha matofali mabichi, kisha ikavikwa kwa nje matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa lami, ambayo ndiyo yaliyoukinga udongo wa ndani dhidi ya mvua.